Siku mbili za kupima pango Kipatimu: kitini kizuri, taa pungufu

Mwishoni mwa Agosti nililipa shilingi 120,000 kuhudhuria mafunzo ya siku mbili ya kupima mapango, yanayoendeshwa na kikundi cha vijana katika vilima vya Umatumbi, maeneo ya Kipatimu, wilayani Kilwa, mkoani Lindi. Kwa fedha hiyo mshiriki hupewa malazi katika nyumba ya mwenyeji, milo mitano, kofia ngumu, taa moja ya kichwani, barakoa, kitini cha kurasa 24 kuhusu historia ya vyama vya utafiti wa mapango duniani, na ahadi ya kutumiwa nakala ya ramani ya pango aliloshiriki kulipima. Jina la kikundi sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozieleza wameahidi kuzirekebisha na sipendi ziendelee kuwafuata baada ya hapo. Jina la pango nalo sitalitaja, kwa sababu nyingine nitakayoifikia. Atakayefika Kipatimu na kuuliza habari za vijana wanaopima mapango ataelekezwa bila taabu.

Ni haki msomaji ajue anayetoa hukumu hii ni nani. Nimekuwa fundi sanifu wa upimaji ardhi Mtwara kwa miaka 31, nikipima viwanja vya mjini na mashamba ya korosho ya Newala na Tandahimba, na nimestaafu na magoti mawili yasiyopenda kukunjwa. Sikwenda kutafuta mandhari. Nilitaka kuona mtu anapimaje mahali pasipo na jua, pasipofikiwa na setilaiti na pasipo na jiwe la mpaka la kuanzia, na nilitaka kujua kama vijana hawa wanauza matembezi au wanauza kazi. Nilichokiona ni kwamba wanafanya vizuri sana kila wanapojiendesha kama chama cha utafiti, na wanalegea mara tu wanapojigeuza wakala wa utalii.

Safari yenyewe haina mengi. Basi la alfajiri kutoka Mtwara lilinishusha Tingi kabla ya adhuhuri, na kutoka hapo barabara ya vumbi inapanda kwenda Kipatimu kwa bodaboda au kwa gari dogo la abiria, ikitegemea uvumilivu wa mgongo wako. Tulikuwa washiriki tisa, miongoni mwao mwalimu wa sekondari kutoka Lindi, wanafunzi wanne wa chuo, muuguzi mmoja, na fundi wa kuchomelea vyuma ambaye alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu mkewe alimwambia hathubutu.

Jioni ya kwanza ilitengwa kwa somo la historia, katika darasa la shule lililoazimwa, na kitini ndicho kilichokuwa msingi wake. Kitini hicho kinaanza na kosa. Kinasema chama cha kwanza cha mapango duniani kiliundwa Paris mwaka 1895. Chama cha Paris, Société de Spéléologie, ndicho kilichovuma, lakini Vienna palikuwa na Verein für Höhlenkunde tangu 1879, miaka 16 kabla yake. Nilinyoosha mkono nikasema hivyo. Kijana aliyekuwa akifundisha, ambaye amesomea jiolojia, hakujitetea. Alijibu, "Nashukuru, mzee wangu, nitalisahihisha," akaliandika pembeni mwa nakala yake kwa penseli. Msomaji anaweza kuniona mchokozi, lakini kosa hilo linaficha jambo lenye maana. Austria ilitangulia kwa sababu himaya yake wakati huo ilikuwa na nyanda za chokaa za Slovenia ya leo, ziitwazo Karst, ambazo jina lake ndilo wanajiolojia wote wanalolitumia sasa kwa ardhi ya namna hiyo: ardhi ambayo maji ya mvua yenye asidi kidogo yanaila polepole, mito inazama, na chini yake kuna njia zisizoonekana. Vilima vya Umatumbi navyo ni karsti. Ukieleza hivyo mwanzoni, mshiriki anaelewa mara moja kwa nini historia ya Vienna inamhusu mtu aliyeketi kwenye dawati la Kipatimu.

Baada ya kosa hilo, kitini kinatulia na kuwa kizuri. Sehemu ya Postojna, katika nyanda hizo hizo za Slovenia, imeandikwa kwa mkono wa mtu anayejua kusimulia. Mwaka 1818, wakati pango hilo likiandaliwa kwa ajili ya ziara ya mfalme wa Austria, mwenyeji aitwaye Luka Čeč, aliyekuwa akishughulikia taa, alipanda hadi mahali ambapo wengine hawakufika, akagundua kwamba pango lililodhaniwa limekwisha ndiyo kwanza linaanza. Mwaka uliofuata lilifunguliwa kwa wageni, mwaka 1872 likawekewa reli ndani yake, na mwaka 1884 likapata taa za umeme. Nilifikiri wakati huo juu ya vijiji kadhaa ninavyovijua ambavyo vilipata umeme zaidi ya miaka 100 baadaye, lakini sikusema, kwa kuwa nilikwisha kunyoosha mkono mara moja.

Mtu anayetawala kitini ni Édouard-Alfred Martel, mwanasheria wa Paris aliyetumia likizo zake chini ya ardhi. Mwaka 1888 alipita pango la Bramabiau, ambamo mto unaingia upande mmoja wa mlima na kutokea upande wa pili. Mwaka 1889 alishuka katika shimo la Padirac, lenye kina cha mita 75 hivi, kwa ngazi ya kamba, akakuta mto chini yake na kuupita kwa mtumbwi wa turubai unaokunjwa. Mwaka 1895, mwaka ule ule wa chama cha Paris, alivuka bahari hadi Yorkshire, Uingereza, akashuka Gaping Gill, shimo wima la karibu mita 100 ambalo maji ya kijito huangukia ndani yake, huku akizungumza na waliobaki juu kwa simu ya waya. Waingereza wa huko walikuwa wakijiandaa kushuka shimo hilo wenyewe, na mgeni akawatangulia. Hadithi hizi ni tamu, na wanafunzi walizifurahia, lakini zingebaki hadithi za ushujaa tu kama mwalimu asingefika kwenye ndama.

Mwaka 1891, katika safari moja ya kazi zake, Martel alikunywa maji ya chemchemi ya Berrie, kusini mwa Ufaransa, akaugua. Baadaye ilibainika kwamba katika shimo lililo juu ya chemchemi hiyo palikuwa na mzoga wa ndama uliotupwa, na maji yalikuwa yakipita katika mzoga kabla ya kutokea chini yakiwa maangavu kabisa. Kwa watu wa wakati ule, maji yanayobubujika kutoka mwambani yalikuwa ndiyo mfano wa usafi. Martel alipiga kelele kwa miaka 11, hadi sheria ya afya ya Februari 1902 ilipopiga marufuku kutupa mizoga katika mashimo ya namna hiyo. Chokaa haichuji kama mchanga. Maji hupita katika nyufa kama abiria wa basi la moja kwa moja, na walichopanda nacho ndicho wanachoshuka nacho.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya ada niliyolipa. Asubuhi yake, kabla ya kwenda pangoni, mwalimu alitupeleka kwenye shimo lililo nyuma ya mashamba ya ufuta, ambamo palikuwa na chupa za plastiki, nepi, mabaki ya dawa za kunyunyizia mikorosho, na ngozi ya mbuzi. Kisha akatuteremsha kwa miguu, dakika 20, hadi kwenye chemchemi ambako akina mama walikuwa wakichota. Hakutoa hotuba. Alitueleza tu kwamba mwaka 1877 Wajerumani walimwaga kilo 10 za rangi ya kung'aa mahali ambapo mto Danube unazama ardhini, na baada ya kama siku mbili na nusu rangi hiyo ikatokea kwenye chemchemi ya Aach, kilomita 12 kutoka hapo. Muuguzi aliuliza kama jaribio la rangi limefanyika kati ya shimo lile na chemchemi ile. Halijafanyika. Wanatafuta kibali na rangi isiyodhuru, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ambayo ada zetu zingepaswa kuifikia mapema kuliko ununuzi wa fulana zenye nembo, ambazo tayari wanazo.

Nina lalamiko moja kubwa kuhusu kitini, na si la tarehe. Martel amepewa kurasa nne. Louis Armand, fundi chuma wa kijijini aliyekuwa akishuka pamoja naye na ambaye mwaka 1897 ndiye aliyeona shimo linalobeba jina lake hadi leo, Aven Armand, hakutajwa. Pango la Mammoth huko Kentucky, Marekani, ambalo ndilo refu kuliko yote yanayojulikana, zaidi ya kilomita 680 zilizopimwa, limeelezwa kuanzia kwenye wapimaji wa mwaka 1972 waliounganisha mfumo wake na ule wa Flint Ridge. Lakini Stephen Bishop, mtumwa aliyeanza kuongoza wageni humo mwaka 1838, aliyevuka shimo ambalo wengine waliliogopa na mwaka 1842 akachora ramani ya pango hilo kwa kumbukumbu ya kichwa chake, hayumo. Alipata uhuru mwaka 1856 na kufariki mwaka uliofuata. Mtu anayeandika historia ya mapango kwa ajili ya vijana wa Kilwa, halafu akamwacha Bishop nje, amekosa kumtambulisha kwao ndugu yao wa karibu kuliko wote waliomo.

Afrika Mashariki imepewa ukurasa mmoja na nusu, na nao umeandikwa kwa haraka. Umekitaja Cave Exploration Group of East Africa cha Kenya, ambacho wanachama wake ndio waliofuatilia mapango marefu ya lava ya Chyulu, likiwemo Leviathan lenye zaidi ya kilomita 10. Umelitaja pango la Panga ya Saidi, Kilifi, ambamo watafiti walitangaza mwaka 2021 kaburi la mtoto wa miaka 78,000 iliyopita. Kuhusu Amboni, Tanga, umesema jambo ambalo nililipigia mstari mara mbili: kwa miaka mingi watu wamesimuliana kwamba mapango hayo yanafika Mombasa, na wengine wakayafikisha Kilimanjaro, lakini wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walipoingia na vipimo mwaka 1994, refu kuliko yote lilifika kama mita 900. Sina nia ya kuidharau simulizi, nimelelewa nazo. Hata hivyo, katika kazi yangu nimeona majirani wawili wakipigana panga kwa ajili ya mpaka ambao kila mmoja alisimuliwa na babu yake, na tepu ya mita 50 ikamaliza ugomvi kabla ya chai.

Kurasa za mwisho za kitini ni orodha ya tarehe ambazo zingetosha aya moja: taasisi ya kwanza ya sayansi ya mapango, iliyoanzishwa na Emil Racoviță huko Cluj, Romania, mwaka 1920, jumuiya ya Marekani ya mwaka 1941, mkutano wa kwanza wa kimataifa, Paris, mwaka 1953, na umoja wa kimataifa uliozaliwa Slovenia mwaka 1965. Nilizisoma mara moja zikanitosha.

Sasa niingie pangoni. Kwenye mlango tulimkuta mzee wa miaka 78 ambaye vijana wote humwita babu, na ambaye kwa kweli ndiye mwenye pango, ingawa hakuna hati. Alituamkua, akasema maneno machache kwa Kimatumbi akiwa ameelekea ndani, kisha akatutangulia. Alitueleza kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akitumwa humo na koroboi kuchota maji wakati wa kiangazi, na kwamba bibi yake alimwonyesha chumba ambamo watu walijificha wakati wa vita. Kutoka hapo si mbali na Nandete, ambako Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba ya shamba la Wajerumani na Vita vya Maji Maji vikaanza, na Pango la Nang'oma, linalojulikana zaidi, husimuliwa vivyo hivyo kuwa lilihifadhi watu. Hili letu ni dogo, na mlango wake mtu mzima hupita kwa tumbo.

Kuhusu popo, kikundi kinastahili sifa. Tulivaa barakoa kabla ya kuingia, tukapita chumba chao kimyakimya bila kuwamulika, na tulipotoka tulinawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Mwalimu alieleza sababu kwa maneno machache: wagonjwa wawili wa Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, mwaka 1980 na mwaka 1987, walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, kabla ya kuugua. Muuguzi wetu aliridhika, na mimi nikaridhika kwa kuwa yeye ameridhika.

Kuhusu taa, hali ni kinyume. Kitini chenyewe, ukurasa wa 17, kinasema kanuni iliyozoeleka katika vyama vya mapango ni kila mtu kuingia na vyanzo vitatu vya mwanga, lakini tulipewa taa moja moja, na betri za akiba zilikuwa katika mkoba mmoja wa kiongozi aliyekuwa mbele. Usiku uliotangulia tulikuwa tumechekeshwa na habari za taa za kabaidi, zilizowaka kwa gesi inayotoka maji yanapodondokea kabaidi, na yule fundi wa kuchomelea alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti chake akisema kwamba yeye huipata gesi hiyo hiyo kila siku katika karakana yake na hakujua kwamba ina historia. Saa mbili baada ya kuingia, taa yake ndiyo iliyozimika. Alikuwa wa mwisho katika mstari, mahali ambapo njia inapinda, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyejua kwamba hayupo. Tulimsikia akiita kwa sauti ya upole sana, sauti ambayo mtu mwenye mabega kama yake haitumii juu ya ardhi. Hakuumia. Tulimpitishia betri mkono kwa mkono, na alipounganika nasi alisema tu, "Giza la humu si la usiku. Usiku unaona mkono wako."

Lililonikera zaidi nililigundua tulipotoka. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa ameachiwa orodha ya majina yetu wala saa ya kurudi. Hili haligharimu hata senti. Huko Yorkshire walianzisha kikosi cha kuokoa watu mapangoni, Cave Rescue Organisation, mwaka 1935, na kikosi kama hicho hakiwezi kufanya lolote kama hakuna mtu juu anayejua kwamba fulani alitakiwa kuwa ametoka saa tisa. Sote tunakumbuka wale watoto 12 na kocha wao katika pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018. Baiskeli walizoziacha mlangoni ndizo zilizowaambia watu kwamba wamo ndani. Waliowakuta, siku tisa baadaye, walikuwa Waingereza wawili, Rick Stanton, askari mstaafu wa zimamoto, na John Volanthen, watu ambao ujuzi wao wa kupiga mbizi mapangoni ulitokana na mapenzi tu, kwa wikendi na likizo za miaka mingi. Chama cha wapenda mapango, kwa mtazamo wangu, ni hicho: watu wanaojizoesha jambo lisilo na faida mpaka siku linapohitajika. Nilimweleza kiongozi hivyo bila kupunguza ukali. Siku ya pili orodha iliandikwa, akaachiwa babu pamoja na saa ya mkononi, na kila mmoja wetu alipewa tochi ndogo ya ziada iliyonunuliwa dukani kijijini usiku ule ule. Nimeihesabu hiyo kuwa alama kubwa kwao.

Upimaji wenyewe ndio uliofanya nisahau magoti. Njia yao ni ya kawaida: kituo kwa kituo, mmoja anashika tepu, mmoja anasoma dira, mmoja kipima mwinamo, na wa nne anaandika na kuchora. Tulipofika kati ya kituo cha 7 na cha 8, kijana wa dira alisoma nyuzi 112. Mwenzake, akiwa kituo cha 8, akasoma kurudi nyuma nyuzi 296. Anayejua dira ameshaona tatizo: 112 ukiongeza 180 unapata 292, kwa hiyo kuna nyuzi 4 zisizo na mwenyewe. Mwanafunzi mmoja alisema pengine mwamba una chuma. Mwamba wa chokaa! Nilimwomba kijana asome tena nikiwa pembeni yake, nikaona anainua dira hadi jichoni, na juu ya jicho, sentimita chache tu, limekaa kasha la betri la taa yake, ambalo chuma chake huvuta sindano ya dira. Alivua kofia, mwenzake akammulikia kutoka mbali, naye huko kituo cha 8 akafanya hivyo hivyo, na safari hii tukapata 115 na 295. Nyuzi 3 katika mita 10 ni nusu mita pembeni, na mapango yana vituo vingi.

Wakati wa chakula tulilijadili hilo kwa kirefu, na hapo niligundua kwamba kijana yule mwalimu anajua kazi yake kuliko kitini chake. Jumuiya ya utafiti wa mapango ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1973 kwa kuunganisha vyama viwili vya awali, ina madaraja ya ubora wa ramani: daraja la 3 linaruhusu kosa la nyuzi 2.5 na nusu mita, na daraja la 5 linadai pembe zisizokosea zaidi ya nyuzi 1 na vituo vinavyotambulika ndani ya sentimita 10. Tangazo la mafunzo haya linasema "daraja la 5". Nilimwambia kwamba kazi ya siku ya kwanza ni daraja la 3, tena kwa huruma, na kwamba hakuna aibu katika daraja la 3 ikiwa limeandikwa kwenye ramani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tuanze upya vituo vyote kuanzia cha kwanza. Tulianza upya. Walionuna ni wawili tu, na walirudiwa na furaha pale tulipopata chumba kilichokuwa kimetupita siku iliyotangulia kwa sababu kila mtu alikuwa akitazama tepu.

Chumba hicho ndicho sababu ya kutolitaja pango. Dari yake imejaa mirija ya chokaa myembamba kama mirija ya kunywea soda, myeupe, ambayo hukua sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka na huvunjika kwa kuguswa na kofia. Mlango hauna geti wala mlinzi. Vyama vya mapango katika nchi nyingi vimejifunza kwa hasara kwamba ramani ya kina ya njia ya kufikia mahali kama hapa ikisambazwa kabla ya ulinzi kuwapo, kinachobaki ni vigingi vilivyokatika na majina ya wapenzi yaliyochorwa ukutani. Vijana wetu walituomba tusiweke picha zenye kuonyesha mlango, na tulikubaliana. Katika hilo walikuwa chama hasa.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo, samaki wa kukaanga na kisamvu cha nazi, na sina la kuongeza. Malazi yalikuwa safi.

Tulipoagana nilitoa maoni mawili kwa maandishi. La kwanza ni kwamba bei ni halali ikiwa taa tatu zitakuwa kanuni ya kila siku, si fadhila ya siku moja. La pili ni kwamba ramani iwe na jina la aliyelionyesha pango, juu ya majina ya waliolipima, na nakala moja ikae katika ofisi ya kijiji, kwa kuwa shimo la taka na chemchemi ni mambo ya kijiji kabla hayajawa ya mtafiti yeyote.

Nakala yangu ilifika Mtwara wiki tano baadaye, ikiwa imekunjwa ndani ya bahasha ya kaki na kukabidhiwa kondakta wa basi, nami nikaifuata kituoni na kulipia shilingi 3,000 za kifurushi. Imechorwa kwa kipimo cha 1:500, kwa wino, na pembeni imeandikwa "daraja la 3". Juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zetu, limeandikwa jina la babu na neno "mwonyeshaji". Jina langu limekosewa herufi moja. Urefu wa pango wameuandika kuwa mita 214, ilhali hesabu yangu, kwa vituo vile vile 31 nilivyonakili katika daftari langu, inatoa 211. Nimewapigia simu, tukapitia namba zote kwa sauti, na tumeona tofauti inaanzia kati ya kituo cha 19 na cha 20, mahali ambapo tepu ilipita juu ya jiwe. Nimelipa nusu ya ada ya safari ya Juni.